Jifunzeni Kutua, Wanangu

Nawaandikia nyinyi mnaocheza voliboli, vikapu, mpira wa mikono na kandanda hapa Wajir mjini, na wenzenu wa Habaswein, Griftu, Bute, Tarbaj na Eldas, hadi Garissa na Mandera. Zaidi nawaandikia mabinti, maana jeraha la goti ninalotaka kulizungumzia linawapata nyinyi kuliko kaka zenu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa michezo. Nimekaa pembeni mwa viwanja maisha yangu yote ya kazi, na nimeshuhudia wachezaji wakifundishwa kupaa, kupiga smashi, kuzuia juu ya wavu na kufunga kwa kichwa. Somo la kutua nimeliona kwa nadra mno. Walimu wengi huchukulia kwamba aliyepanda atashuka mwenyewe, basi kuna haja gani ya kumfundisha?

Haja ipo, tena kubwa. Kano ya goti haikatiki mchezaji anapopaa. Hukatika anaporudi chini, au anaposimama ghafla, au anapogeuka kwa kasi, na mara nyingi hakuna mtu aliyemgusa. Watafiti waliowahoji majeruhi na kuzitazama video zao wamekuta kwamba takriban visa 7 katika kila 10 havikuhusu kugongwa wala kuchezewa vibaya. Mchezaji alijiumiza mwenyewe kwa jinsi mwili wake ulivyokutana na ardhi. Ndiyo maana nasema jambo hili linafundishika. Mpinzani wako huwezi kumwamrisha, ila miguu yako mwenyewe unaweza kuifunza adabu.

Kano hiyo iko ndani kabisa ya goti, inaunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Ziko mbili zinazopishana kimsalaba. Ya mbele ndiyo ninayoizungumzia, na wengi wenu mmeisikia kwa herufi zake tatu, ACL, kwenye matangazo ya ligi ya Uingereza. Urefu wake ni sentimita 3 hivi, upana wake kama sentimita 1. Kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele chini ya paja, na usijizungushe kupita kiasi. Mwaka 1991 Savio Woo na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo walivyovifanya kwenye magoti ya watu waliofariki. Kano za vijana wa miaka 22 hadi 35 zilikatika kwa mvuto unaolingana na uzito wa kilo 220 hivi, na za wazee wa miaka 60 kwenda juu hazikufikisha hata theluthi ya hapo. Mmeona ngamia wa kuhamia akibebeshwa miti na mikeka ya nyumba nzima. Kamba inayoushika mzigo ule ni nyembamba, na ikikatika njiani nyumba yote inalala upande mmoja.

Mtasema kilo 220 ni nyingi. Lakini anayetua kutoka juu hakanyagi kwa uzito wake wa kawaida, anakanyaga kwa uzito huo mara kadhaa, na akitua kwa mguu mmoja, mguu huo unabeba yote. Mtazameni mpigaji wa voliboli aliyefuata mpira uliopita nyuma ya kichwa chake. Ameuwahi, ameupiga, lakini kiwiliwili kimepinda kuelekea kushoto, mbali na mkono wa kulia uliopiga. Mguu wa kushoto unafika chini kwanza, uko mbele ya mwili, goti karibu limenyooka, unyayo mzima unapiga sakafu kwa kishindo. Hapo misuli ya mbele ya paja inakaza kwa nguvu ili asianguke, na inapokaza inauvuta muundi mbele kupitia pia ya goti. Goti lingekuwa limekunjwa vizuri, misuli ya nyuma ya paja ingepata nafasi ya kuuvuta muundi urudi nyuma. Likiwa limenyooka, misuli hiyo haina msaada mkubwa, na kano inabaki kupambana peke yake. Kisha goti linaporomoka kwa ndani, kuelekea goti la pili, na muundi unajizungusha. Ta! Wengi wanasema waliusikia mlio huo kabla ya kuhisi maumivu.

Mambo haya yanatokea kwa kasi gani? Watafiti wa Oslo, mji wa Norway ambako wengi wenu mna shangazi na binamu, walichukua video za matukio 10 ya wanawake walioumia wakicheza mpira wa mikono na vikapu, wakazipima picha moja baada ya nyingine. Kazi hiyo iliongozwa na Hideyuki Koga na ikachapishwa mwaka 2010. Walikadiria kwamba kano ilikatika milisekunde 40 hivi baada ya mguu kugusa sakafu. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kupepesa jicho tu huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Nawaomba mlielewe jambo hili vizuri kwa sababu nasaha yangu yote imesimama juu yake. Ubongo wa binadamu hauwezi kupokea habari, kuamua na kuamuru misuli ndani ya milisekunde 40. Kwa hiyo hakuna mchezaji anayejiokoa baada ya kugusa ardhi, hata awe hodari vipi. Anayenusurika ni yule ambaye misuli yake ilikuwa imejiandaa angali hewani, nyonga na magoti yameanza kukunjwa kabla unyayo haujafika. Mwili haujiandai hivyo kwa kuambiwa siku ya mechi. Hujiandaa kwa mazoea ya miezi, mpaka kutua vizuri kunakuwa tabia isiyohitaji kufikiriwa. Ndiyo sababu sipendi kocha anayepiga kelele "kunja goti!" mchezo ukiendelea. Wakati wa kusema hivyo ulikuwa mwezi uliopita, kwenye mazoezi.

Wala msidhani ni tatizo la wachezaji wa vijijini wasio na viatu. Tarehe 28 Aprili 2012, Derrick Rose wa Chicago Bulls, aliyekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka mmoja nyuma yake, aliruka na kusimama kwa miguu miwili katika mechi ya mchujo dhidi ya Philadelphia, na kano ya goti lake la kushoto ikakatika. Na nyinyi mashabiki wa Arsenal, ambao hapa Wajir mko wengi, mtakumbuka kikosi cha wanawake cha klabu hiyo: Beth Mead Novemba 2022, Vivianne Miedema Desemba, Leah Williamson Aprili 2023, Laura Wienroither Mei. Wanne, kano ile ile, msimu mmoja. Watatu wa kwanza walilikosa Kombe la Dunia la 2023.

Wanawake, katika michezo ile ile na sheria zile zile, hukatika kano hii kwa kiwango cha mara mbili hivi ya wanaume au zaidi. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga, nafasi ndogo ndani ya goti, homoni. Sitaki mkae sana kwenye hizo, maana nyonga aliyokupa Mungu hakuna kocha atakayeibadilisha. Ipo sababu nyingine ninayoiona kwa macho yangu. Mvulana akibaleghe, nguvu za misuli yake hupanda haraka pamoja na kimo. Msichana hurefuka, mwili unaongezeka uzito, lakini nguvu za paja na nyonga hazipandi kwa kasi hiyo bila mazoezi. Na mazoezi yenyewe anayapata wapi? Kaka yake anapiga mpira mchangani tangu akiwa na miaka mitano. Yeye huenda akaushika mpira kwa mara ya kwanza kidato cha kwanza, na baada ya muhula mmoja anatakiwa aiwakilishe shule. Mwaka 2021 Joanne Parsons wa Kanada na wenzake waliandika kwamba pengo la majeraha kati ya wasichana na wavulana lisitafutwe katika maumbile peke yake, litafutwe pia katika namna wasichana wanavyonyimwa viwanja, vifaa na makocha tangu utotoni. Ningeweza kuwapeleka watafiti hao katika shule nyingi za kaunti yetu wakayaona hayo bila kuhitaji darubini.

Sasa nije kwenye utafiti uliofungua macho ya wengi. Timothy Hewett na wenzake huko Cincinnati, Marekani, waliwapima wasichana 205 wa kandanda, vikapu na voliboli kabla ya msimu. Kila mmoja alishuka kutoka kwenye kisanduku cha sentimita 31, akagusa chini, akaruka juu papo hapo, huku kamera na vyuma vya kupimia vikirekodi kila kitu. Kisha wakangoja. Wasichana 9 wakakatika kano. Waliporudi kwenye vipimo vya awali waliona kwamba magoti ya hao tisa yalikuwa yameinama ndani kwa nyuzi 8 zaidi ya wenzao, na kishindo chao cha kutua kilikuwa kikubwa kwa asilimia 20. Hiyo ilikuwa mwaka 2005, na makocha wengi duniani walidhani wamepata njia ya kumtambua atakayeumia.

Hawakuwa wameipata. Tron Krosshaug na wenzake wa Oslo walirudia jaribio la aina hiyo kwa wachezaji zaidi ya 700 wa ligi kuu za wanawake za Norway, kandanda na mpira wa mikono, wakawafuatilia kwa miaka, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba kipimo hicho hakiwezi kumtenga atakayeumia na atakayesalimika. Wapo walioumia wakiwa wametua vizuri siku ya kipimo, na wapo waliotua vibaya wakamaliza misimu yao salama.

Nayasema haya kwa kusudi. Nimemsikia kocha akisema atawapima wasichana wake, na yule ambaye magoti yake yanaingia ndani atamwacha nje. Usifanye hivyo, mwanangu. Huna uwezo wa kujua nani atafuata, na hao wa Oslo, pamoja na mitambo yao yote, hawana. Kilichothibitika ni kitu kingine, chenye manufaa zaidi kwetu: ukiwafundisha wote, majeraha yanapungua. Binti mnene kidogo, binti mrefu mwenye miguu myembamba, yule nahodha anayeruka kuliko wote, wote wapewe somo moja.

Tena ushahidi wake si wa jana. Hewett huyo huyo, mwaka 1996, aliwafundisha wasichana wa voliboli kuruka na kutua kwa wiki sita, na kishindo chao cha kutua kikapungua kwa asilimia 22. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti wa Torbjørn Soligard na wenzake kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza kandanda Norway. Timu zilizofanya mazoezi ya dakika 20 yanayoitwa FIFA 11+ kabla ya kila zoezi zilipata majeraha pungufu kwa takriban theluthi, na yale mabaya yakapungua karibu nusu. Mkisema Norway ni mbali, wana pesa na nyasi nzuri, basi njooni Lagos. Mwaka 2014 Owoeye na wenzake walichapisha jaribio la timu 20 za vijana wa kiume 416 wa miaka 14 hadi 19 katika jiji hilo, na majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Mazoezi yale yale, Afrika hii hii.

Hayahitaji vifaa. Mpira mmoja kwa wachezaji wawili na mahali pasipo mawe vinatosha. Dakika za mwanzo ni za kukimbia polepole na kufungua nyonga. Kisha yanafuata yenye kazi. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, goti limekunjwa kidogo, huku mwenzako akikurushia mpira, kisha badilisha mguu. Chuchumaa na kuinuka, magoti yakielekea kwenye vidole vya miguu. Jinyooshe kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20 hadi 30 ili tumbo na mgongo vikaze. Halafu lile ninalolipenda kuliko yote: piga magoti kwenye mkeka, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu, nawe uushushe mwili mbele taratibu, umenyooka toka magotini hadi kichwani, mpaka usiweze kuuzuia tena, ndipo ujipokee kwa mikono. Mara 3 hadi 5 zinatosha kwa anayeanza. Kesho yake nyuma ya paja patauma. Ni misuli ile ile inayouvuta muundi urudi nyuma, inaamka.

Kisha kutua kwenyewe. Anza pale ulipo, ruka kidogo tu, utue kwa miguu miwili iliyoachana upana wa mabega. Vidole vifike kwanza, kisigino kifuate, magoti yakunjwe, nyonga irudi nyuma kama ya mtu anayetaka kuketi, kifua kije mbele. Magoti yaelekee pale vidole vinapoelekea. Ukishatua, tulia papo hapo, hesabu moja mpaka tatu bila kuyumba. Ukiyumba, ulikuwa hujatua bado. Ukizoea, shuka kutoka ngazi ya veranda ya darasa. Kisha ruka ukigeuka hewani. Kisha ruka na mpira, halafu mwenzako akusukume begani kidogo ungali juu, maana kwenye mechi hakuna atakayekungoja utue kwa raha. Mguu mmoja uje mwisho, wiki kadhaa baadaye. Nanyi wavulana mnaoruka kutoka juu ya malori ya mifugo kabla hayajasimama, goti halijui kama uko uwanjani au sokoni.

Kuna kizuizi kimoja cha kwetu ambacho nimekifikiria sana. Mabinti zetu wanacheza wamejisitiri, na ni haki yao. FIFA iliruhusu hijabu mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa vikapu duniani likafuata mwaka 2017. Lakini vazi pana linaloteremka mpaka vifundoni linalificha goti, na kocha aliyesimama mbali hawezi kuona kama linaingia ndani. Wapo waliolitumia hilo kama kisingizio cha kutowafundisha kabisa. Jibu lake liko masikioni. Mwaka 2000 Peter McNair na wenzake wa New Zealand waliwaambia watu walioruka kutoka kwenye kisanduku wausikilize mlio wa miguu yao, na wautumie mlio huo kujirekebisha katika mruko unaofuata. Kishindo kikapungua kwa kipimo. Kwa hiyo, mwalimu, geuka uwape mgongo ukitaka, na usikilize. Anayetua kwa "pu!" aambiwe arudie mpaka mguu utue bila kusikika. Saruji ya uwanja wetu wa voliboli inasema kweli yote. Mchanga unaficha, basi kwenye mchanga wapeni wasichana kazi ya kutazamana wao kwa wao, wakiwa na mwalimu wa kike, ndani ya ua wa shule. Binti wa miaka 15 akishajua cha kutazama, analiona goti la mwenzake haraka kuliko mimi.

Mazoezi haya yanachosha roho kwa sababu hayana bao wala makofi, na ndiyo maana timu huyafanya wiki mbili kisha zikaacha. Watafiti wa Norway waliporudi kuzihesabu timu zao, waliona faida kubwa ilikuwa kwa waliodumu nayo. Mara mbili kwa wiki ni kiwango cha chini. Ramadhani ikiingia, fanyeni baada ya futari, hata kwa dakika 10, msivunje mwendo.

Pamoja na hayo yote, wengine wataumia. Nizungumze na hao, na wazazi wao.

Ukisikia mlio ndani ya goti, au goti likikutoka chini yako, mechi yako imekwisha. Usikubali kufungwa bandeji ukarudi, hata kama ni fainali, hata kama maumivu yamepungua baada ya dakika tano. Goti likivimba ndani ya saa chache, aghlabu ni damu inavuja ndani ya kiungo, na uvimbe wa namna hiyo una uwezekano mkubwa wa kuwa kano hii. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilicholowa maji baridi. Funga, inua mguu, usikanyagie.

Na hapa niwaombe wazee wenzangu jambo. Najua desturi yetu ya kuchoma kwa chuma cha moto. Najua pia heshima ya wajuzi wetu wa kuunga mifupa, ambao wamewaokoa wachungaji wengi waliovunjika miguu siku tatu mbali na barabara. Lakini kano iliyokatika ndani ya goti haifikiwi na moto wa juu ya ngozi. Kinachobaki ni kidonda kibichi juu ya kiungo kilichojaa damu, na kidonda hicho kikiingiwa na vijidudu, binti anakuwa na balaa mbili. Kulivuta na kulikanda goti kwa nguvu ni vivyo hivyo. Mafuta ya ngamia kwa kupaka taratibu hayamdhuru mtu, ila yasiwe sababu ya kuchelewa kwenda hospitali.

Hospitalini mtapigwa eksirei. Ikitoka safi, msishangilie bado, kwa sababu eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa picha hiyo peke yake. Kipo kipimo cha mikono ambacho Joseph Torg alikieleza mwaka 1976 na kukipa jina la mwalimu wake, John Lachman wa Philadelphia. Mgonjwa analala chali, goti linakunjwa kidogo, nyuzi 20 hadi 30, mpimaji anashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, anauvuta muundi mbele. Ukija mbele kupita kawaida bila kukomea mahali, kano imekatika. Hakitumii umeme wala mtambo, na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia aliyekizoea hukosea mara chache. Kiulizeni kwa jina. MRI ni bora, lakini safari ya Garissa inapita kilomita 300 na ya Nairobi inapita 600, basi afadhali mwende mkijua mnachokwenda kutafuta.

Jambo linalowadanganya wengi ni hili: baada ya wiki kadhaa uvimbe hushuka, na goti lisilo na kano linatembea vizuri kabisa likienda mbele moja kwa moja. Binti anateka maji, anakwenda shule, kila mtu anasema amepona. Siku anapogeuka ghafla goti linachomoka. Linarudi. Linachomoka tena mwezi unaofuata. Kila mara linapochomoka linasaga gegedu za ndani, na hizo zikishakwisha hazirudi. Mwaka 2004 Stefan Lohmander na wenzake wa Uswidi walichapisha habari za wanawake waliokatika kano wakicheza kandanda miaka 12 kabla. Umri wao wa wastani ulikuwa 31, na nusu ya waliopigwa picha walikuwa na magoti yaliyoliwa, ya kizee. Nimewaona wa kwetu pia. Mwanamke kijana anayeomba aletewe kiti kwa ajili ya sala kwa sababu hawezi kwenda sijida wala kuketi tahiyatu, huku mama yake mzazi akisali chini karibu naye bila taabu. Hilo linaniuma kuliko kombe lolote tulilowahi kupoteza.

Upasuaji upo, na hufanywa kwa kuchukua kipande cha kano nyingine ya mwili wako, nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, na kukipitisha mahali pa ile iliyokatika. Lakini asiye na uwezo wa upasuaji asikate tamaa, wala asidhani ndugu zake wamemtupa. Richard Frobell na wenzake huko Lund, Uswidi, waliwagawa vijana 121: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakaanza na mazoezi ya kitaalamu, wakijua wataruhusiwa upasuaji baadaye wakiuhitaji. Baada ya miaka mitano, nusu hivi ya kundi la pili walikuwa hawajapasuliwa, na hali ya makundi yote mawili ililingana. Mazoezi ndiyo tiba yenyewe kwa wote wawili, aliyepasuliwa na asiyepasuliwa. Aliyelipiwa upasuaji wa gharama kwa mchango wa ukoo mzima kisha akakaa kitandani, fedha ile imepotea.

Na msiwe na haraka ya kurudi uwanjani. Hege Grindem na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa wagonjwa wa Oslo na wa Delaware, Marekani, walikuta kwamba kila mwezi wa kusubiri, mpaka kufikia miezi 9 baada ya upasuaji, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Kalenda peke yake haitoshi. Ruka mbele kwa mguu ulio mzima, mbali uwezavyo, upime kwa futi, kisha kwa mguu uliotibiwa. Kama haujafikisha angalau sehemu 9 katika 10 za mwenzake, rudi kwenye mkeka. Kocha atakayekuita mwezi wa tano kwa sababu fainali za kanda zimekaribia, mwambie kwa heshima kwamba mwalimu amekataa, na mtajie mimi. Aliyewahi kukatika kano yuko karibu na kuikata tena, ya goti hilo au la pili, kuliko ambaye hajawahi, kwa hiyo siku utakayorudi, zile dakika 20 za mwanzo zinakuhusu wewe zaidi ya mchezaji mwingine yeyote uwanjani.